Makapi Makavu

Swali la kwanza aliloliuliza Mwanahalima dukani lilimfanya muuzaji acheke. Hakuuliza bei, wala mashine inakula umeme kiasi gani. Alinyoosha kidole kwenye mashine nyeupe ya juisi iliyokuwa juu ya kaunta, akasema, "Makapi yake yanatoka makavu, au yanatoka na maji?"

Duka hilo liko Kibiti mjini, hatua chache kutoka barabara kuu. Mwenyewe anaitwa Mudrick, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, anayeuza masufuria, pasi, feni na mashine za jikoni. Wanawake wanaomjia kutafuta mashine ya juisi karibu wote ni wafanyabiashara. Wanataka yenye kasi, yenye jagi kubwa, isiyoungua mota katikati ya mwezi wa Ramadhani. Wa makapi hakuwa amewahi kumpata.

"Makapi ya nini tena, mama? Makapi si unatupa?"

"Ndiyo nauliza. Hayo nitakayotupa ni makavu au mabichi?"

Mudrick aliichomeka mashine kwenye umeme, akamenya chungwa, akalisukuma ndani. Mashine ilinguruma mpaka vifuniko vya masufuria vikatetemeka kwenye rafu. Mbele ilitoa juisi, nyuma ikatema rojo la njano. Mwanahalima alichota rojo lile kwa vidole viwili, akalibana. Maji yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alinusa vidole vyake, akatikisa kichwa.

"Na ikinguruma hivi, mtu akiniita nje nitamsikia?"

"Hata akija na tarumbeta humsikii." Mudrick alikuwa bado anacheka. "Mama yangu, wewe unakamua juisi au unaiba?"

"Nakaa Mloka," alisema Mwanahalima.

Mudrick aliacha kucheka. Upande wa mama yake ni watu wa Ngarambe, kijiji kingine cha kando ya hifadhi ya wanyama, na sentensi hiyo haikuhitaji maelezo. Aliichomoa mashine kwenye umeme, akaenda nyuma ya duka.

Kwa asiyeijua Mloka, maelezo ni mafupi. Ni kijiji cha wakulima kando ya Mto Rufiji, na ng'ambo ya mashamba yake ni hifadhi ya wanyama. Hakuna ukuta kati ya viwili hivyo. Tembo huingia kijijini kwa kufuata pua. Mwanzoni walikuwa wakila mpunga na mahindi shambani, kisha wakajifunza kwamba chakula kinalala ndani ya nyumba, na kwamba nyumba ya udongo haina nguvu. Kwa hiyo kila kaya ina taratibu zake. Mahindi hutwangwa jua likiwa juu. Pumba hazilali nje. Embe huangushwa likiwa bichi na kuuzwa likiwa bichi. Mwanahalima ana miaka arobaini na saba, na alikuwa na zaidi ya miaka kumi hajalaza papai bivu nyumbani kwake. Hata kuwataja tembo hakupenda. Akilazimika, alisema "wakubwa".

Mwishoni mwa mwezi wa tano mumewe, Bashiru, alikuwa ng'ambo ya mto akilinda mpunga. Huko wakulima hulala juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo ndefu, ili maji na wanyama vipite chini. Asubuhi moja, akiteremka, kipago cha nne cha ngazi kilikatika. Alidondoka kifudifudi na kidevu chake kikatua juu ya ukingo wa mtumbwi uliokuwa umefungwa chini. Taya lilivunjika mahali pawili.

Hospitalini Dar es Salaam walimfunga meno ya juu na ya chini kwa nyaya, ili mfupa uunge ukiwa umetulia. Wiki sita asifungue kinywa. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alimkalisha Mwanahalima pembeni, akamwekea mkononi koleo dogo la kukatia waya.

"Hatafuni kitu. Maziwa, supu, uji mwepesi uliochujwa, na juisi ya matunda uliyokamua mwenyewe, si ya dukani. Juisi ndiyo itakayompita kwa urahisi kuliko vyote. Lakini isiwe na nyuzi. Uzi mmoja ukimkwama atakohoa, na akikohoa mpaka akatapika, matapishi hayana pa kutokea. Yatarudi kwenye mapafu. Hapo unakata hizi nne, hii na hii, hii na hii. Usitupigie simu kwanza. Kata, halafu ndiyo upige."

Alimtaka arudie maelezo hayo mara tatu. Mwanahalima aliyarudia. Alitoka hospitali na hofu moja, akafika nyumbani akakuta ya pili inamsubiri. Dawa ya mumewe ilikuwa kitu kilekile ambacho kijiji kizima kilikuwa kimejifunza kutokiweka ndani.

Tena kulikuwa na jambo ambalo muuguzi hangeweza kulijua. Mloka silaha ya kwanza ni sauti. Anayewaona tembo mwanzo hupiga yowe, jirani akapokea, madebe yakapigwa mpaka mtaa mzima ukaamka na askari wa wanyamapori wakafika na fataki zao. Bashiru aliweza kusema maneno machache kwa kuyapitisha katikati ya meno, kama mtu mwenye baridi kali. Kupiga yowe hakuweza.

Hayo yote ndiyo yaliyokuwa nyuma ya swali la makapi.

Mudrick alirudi na kitu kizito cha chuma, kimejaa vumbi, kinachofanana na mashine ya kusagia nyama. Kilikuwa na mpini wa kuzungusha na skrubu ya kukibania ukingoni mwa meza. Alikifunga kwenye kaunta, akatia vipande vya chungwa, akazungusha. Hakikutoa mlio wowote isipokuwa mkwaruzo mdogo wa chuma. Juisi ilidondoka polepole. Upande wa pili makapi yalitoka yamesokotwa, makavu, yanameguka kama maranda ya seremala.

"Nilinunua tatu, huu mwaka wa pili, nimeuza moja," alisema. "Watu hawataki kuzungusha. Glasi moja mkono unauma."

Mwanahalima alibana makapi yale. Hayakutoa tone. Aliinua glasi kwenye mwanga wa mlangoni, akakuta nyuzi mbili zinaelea.

"Hizi?"

"Hizo chuja mara mbili, mama. Mashine ya kutoa bila uzi kabisa sina, na atakayekwambia anayo anakudanganya." Alichukua chujio la chai lenye matundu madogo kabisa, akaliongeza kwenye mfuko bila kuulizwa.

Nyumbani, kazi ya juisi ikawa na saa yake. Mwanahalima hakukamua kabla jua halijapanda wala baada ya alasiri. Mashine aliibana kwenye benchi uani, akaketi mgongo ukiwa ukutani na uso ukitazama vichaka. Machungwa alinunua ya siku moja tu, akayafungia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana. Alikamua, akachuja, akachuja tena, kisha akainua kikombe juani na kukizungusha akitafuta uzi. Alipompa Bashiru mrija, alisimama karibu yake akiutazama mwendo wa koo mpaka kikombe kikaisha. Koleo lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda.

Maganda aliyachoma papo hapo. Makapi yalimshinda. Siku ya kwanza aliyatia motoni nayo, yakafuka moshi unaonukia kama kashata jikoni, akaukimbilia moto na kuumwagia maji. Kuyafukia haikufaa, kwa kuwa nguruwe pori hufukua kila kilichofukiwa. Mtoni ni nusu saa kwa miguu, na huko kuna mamba. Kilichobaki ni choo cha shimo, na chakula hakitupwi chooni. Hakuna aliyemwandikia sheria hiyo. Ndivyo alivyolelewa, yeye na kila jirani yake. Kipande cha mkate kikionekana njiani huokotwa na kuwekwa juu ya uzio, ndege wapate, kwa sababu ni riziki na riziki haipelekwi kwenye uchafu.

Kwa hiyo alimpelekea Mwajabu.

Mwajabu ni jirani wa ubavuni, mjane, anaishi na wajukuu wawili na kufuga bata kwenye banda la miti karibu na jiko. Kila siku saa tano Mwanahalima alivuka na bakuli la makapi, na kila siku Mwajabu alikuwa na neno.

"Karibu, mama lishe wa bata! Wamenenepa hawa, wanatembea kama wake wa matajiri."

"Wale wote, shoga. Wasibakize."

"Mwambie shemeji avunje na mguu, tunenepeshe na kuku."

Walicheka. Zilikuwa wiki tatu ambazo Mwanahalima alikuwa hachekei kitu kingine.

Lakini bata hawali kila siku kiasi kilekile, na Mwajabu naye ni mtu wa kulelewa vilevile. Yaliyobaki hakuyatupa. Aliyaweka kwenye kiroba, akakifunga, akakichomeka chini ya paa la banda, akiba ya siku ambayo bakuli halitakuja. Ijumaa moja Mwanahalima alipita karibu na banda lile, harufu ikamgonga. Ilikuwa tamu na chachu pamoja, kama pombe inayoanza kuiva. Alikiona kiroba. Alisimama kidogo, akatoa bakuli lake, akasema kwaheri na kurudi kwake.

Hakusema, na sababu aliijua. Angesema, Mwajabu angeyarudisha makapi, naye hakuwa na pa kuyaweka. Alijiambia kwamba kesho atasema. Kesho ilipofika alijiambia hivyo tena. Jumamosi ilipita, Jumapili ikapita. Kila jioni alikuwa akisimama uani na kunusa upepo unakoelekea.

Walikuja Jumanne, alfajiri, kabla ya adhana. Bashiru ndiye aliyewasikia mwanzo. Mwanahalima aliamshwa na mkono wake ukimkamata bega, na mlio kifuani mwa mumewe ambao hakuwahi kuusikia, mlio wa mtu anayepiga yowe ndani ya kinywa kilichofungwa. Nje mti ulikatika. Bata walipiga kelele kwa mkupuo, kisha wakanyamaza kwa mkupuo.

Mwanahalima alipiga yowe. Jirani wa tatu alipokea, madebe yakaanza. Akajua kwamba sauti inasambaa, akanyanyuka kutafuta sufuria la kugonga. Hapo Bashiru akaanza kukohoa.

Nguvu alizotia kwenye lile yowe lisilotoka zilikuwa zimemkausha koo. Kikohozi cha kwanza kilikuwa kidogo, cha pili kikamkunja. Mwanahalima aliangusha sufuria. Alipapasa ukuta mpaka akaupata msumari, akaliteremsha koleo, akamlaza mumewe ubavu kama alivyofundishwa, akaingiza kidole kati ya shavu na meno kutafuta waya wa kwanza. Aliupata. Akauweka kati ya midomo ya koleo. Nje paa la bati lilikuwa linachanwa, na hakuweza kujua ni la Mwajabu au lake mwenyewe.

"Pumua kwa pua," alimwambia. "Baba Saidy, kwa pua. Kwa pua."

Akikata, wiki nne zinapotea na mfupa unarudi mwanzo. Asipokata na matapishi yakaja, hatapata muda wa kukata baadaye. Alihesabu vikohozi. Cha sita, cha saba. Kila alipokohoa koleo liligongagonga meno. Cha nane hakikuja. Bashiru alivuta hewa kwa pua, ndefu, yenye mluzi, akaivuta tena. Fataki ya kwanza ya askari ililia upande wa barabarani.

Mwanahalima hakuliondoa koleo mpaka mwanga ulipoingia dirishani.

Kumbe alikuwa tembo dume mmoja tu. Alibomoa banda, akavuta sehemu ya paa la jiko, akakitoa kiroba na kukila hapohapo, taratibu, hatua kumi kutoka chumba ambamo Mwajabu na wajukuu wake walikuwa wamelala kifudifudi chini ya kitanda. Kilipoisha aliondoka kwa njia aliyojia. Hakuna mtu aliyeumia. Bata watano walikufa kwa kuangukiwa na miti ya banda.

Asubuhi Mwajabu alikuwa anaokota bati. Mwanahalima alivuka, akainama na kuokota naye.

"Mama Saidy," alisema Mwajabu, bila kuinua kichwa. "Uliisikia ile harufu?"

"Niliisikia."

"Lini?"

"Ijumaa."

Mwajabu alilaza bati juu ya lingine, akalinganisha kingo. "Mimi pua yangu imezoea bata, sinusi kitu. Wewe ulinusa ukanyamaza."

"Ningesema, ungenirudishia."

"Ningekurudishia, ndiyo."

"Sikuwa na pa kuyapeleka, shoga."

"Kwa hiyo ukayaacha kwangu." Hakupandisha sauti. "Mdogo alijikojolea kule chini. Nilimziba mdomo kwa mkono huu mpaka nikaogopa nitamuua mwenyewe. Usiniletee tena. Hata yawe makavu kama vumbi, usiniletee."

Mwanahalima alirudi nyumbani. Saa tano alikamua kama kawaida, akachuja mara mbili, akakizungusha kikombe juani. Bashiru aliugeuzia ukuta uso wake.

"Sinywi," alisema katikati ya meno.

"Utakunywa nini?"

"Maji."

"Maji hayamjengi mtu."

"Watoto wale," alisema, akapumzika, akaendelea. "Mimi siwezi hata kuwaita watu."

Siku ile alikunywa maji na nusu kikombe cha maziwa. Siku ya pili maziwa nayo aliyaacha robo. Alikuwa ameshapungua tangu hospitalini. Sasa mkanda wa suruali ulihitaji tundu jipya, na Mwanahalima alilitoboa kwa msumari wa moto akiwa amemgeuzia mgongo. Siku ya tatu, akitawadha kwa sala ya adhuhuri, Bashiru alishika ukuta, akateremka nao polepole mpaka chini, birika likamwagika. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Mwanahalima alimpigia simu muuguzi.

"Asipokula mfupa hauungi," alisema muuguzi. "Na akiendelea hivyo, mama, mfupa utakuwa tatizo dogo. Mnyweshe leo, au mlete leo."

Alikata simu. Alimwinua mumewe, akamkalisha kwenye mkeka mlangoni, mahali ambapo angeuona ua wote. Akaenda kuchukua machungwa matatu kwenye ndoo, akaketi kwenye benchi, akazungusha mpini mbele yake. Alipomaliza alifunika kikombe kwa kitambaa. Makapi aliyatia kwenye bakuli, akalishika kwa mikono miwili kama anavyomshikia mgeni chakula, akavuka ua kuelekea chooni. Mlango aliuacha wazi, ili Bashiru aone.

Alianza bismillahi kwa mazoea, akaikata katikati, kwa kuwa mahali pale jina la Mungu halitajwi. Alisimama kidogo juu ya shimo. Kisha akageuza bakuli. Alimwagia majivu makopo mawili, akaongeza la tatu, akaweka mfuniko wa zege na kuukandamiza kwa mguu. Alinawa mara mbili kwa sabuni kabla ya kushika kikombe.

Bashiru alikuwa anamtazama.

"Umetupa riziki."

"Nimetupa," alisema Mwanahalima. Macho yake yalikuwa yamelowa, sauti haikuwa imelowa. "Na wewe unywe hii iliyobaki, isije ikawa nimeitupa yote."

Upande wa pili wa ua Mwajabu alikuwa anagongelea bati lake la mwisho, akasimama, akawatazama, akaendelea kugonga. Bashiru alifungua midomo. Mwanahalima alipitisha mrija penye pengo la jino la nyuma, akapiga magoti karibu yake, macho kwenye koo.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili nyaya zitolewe. Nyuma ya choo, kwenye vichaka, kitu kilivunja tawi. Bashiru aliacha kuvuta, mrija ukiwa kinywani. Wote wawili walitazama kule. Nyundo ya Mwajabu nayo ilikuwa imenyamaza. Walisubiri mpaka nzi wakaanza kutua kwenye ukingo wa kikombe, na hakuna kilichotokea.

"Taratibu," alinong'ona Mwanahalima.

Bashiru aliendelea kunywa, kidogo kidogo. Alipokaribia mwisho hakuyavuta yale matone ya chini, ambayo mrija ukiyavuta hupiga mlio. Mwanahalima alimwinulia kikombe upande, yakajikusanya pembeni, akayanywa bila sauti.